Nilivyomfukuza Baba

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka minane aliponiita "mwanangu", nami nikamzaba kofi.

Ilikuwa Krismasi. Nilikuwa nimetoka Shinyanga mjini na mafuta ya kula, sukari na maringo yangu ya muuguzi, nikafika nyumbani kwetu, kijiji kimoja upande wa Kharumwa. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda cha marehemu baba yangu. Alikuwa amevaa koti la marehemu baba yangu, limemfika miguuni, na mkono wa kushoto ana bangili ya shaba ya marehemu baba yangu, imezungushiwa uzi ili isidondoke. Akanitazama vizuri, akasema, "Umechelewa, mwanangu. Njia ilikuwaje?" Mkono wangu ukatangulia kabla ya akili. Watu wazima waliokuwa uani wakasimama wote. Mama yangu akaja, akakishika kiganja kilekile nilichopigia, akaniambia kwa Kisukuma, "Umempiga baba yako."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Zinakuja upesi na zinaondoka upesi, ila huacha zimevunja vyombo.

Mtoto yule alizaliwa wa kike. Tangu ajue kutembea alikuwa anayavua magauni na kuyatupa kwenye zizi. Alipofika miaka saba zikamwanza homa zisizokwisha. Nilimpa dawa za malaria mwenyewe, mara mbili, kwa mikono yangu. Mama hakuridhika, akampeleka kwa mfumu, ndivyo tunavyomwita mganga anayepasua kuku na kusoma matumbo yake. Mfumu akaangalia, akasema mzee aliyekufa hana pa kukaa, na amemchagua mjukuu huyu. Wakamvisha bangili. Homa zikaisha. Mimi nasema ni dawa zangu, mama anasema ni kuku, na ubishi ule hatukuwahi kuumaliza.

Kuanzia siku ile mtoto akawa Guku, yaani babu. Si kwa mchezo. Alikula na wanaume kwenye shikome, ule moto wa uani ambao mwanamke haukaribii ila kuleta chakula. Alichunga ng'ombe na wanaume. Kaka yangu, mwanamume wa miraba minne ambaye kijiji kizima kinamwogopa, alikuwa akitoka ndani asubuhi anainama mbele ya mtoto wake wa kumzaa na kusema, "Shikamoo, baba." Na mtoto, huku anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anajibu, "Marahaba." Mama yangu alimwita "bwana wangu". Kila bibi humtania mjukuu hivyo, lakini mama alipokuwa anamtengea chakula alikuwa anapiga goti, na hakuna anayepiga goti kwa ajili ya utani.

Shuleni tu ndiko alikovaa sketi, kwani wizara haina habari na mizimu. Akitoka shuleni anaikunja anaiweka begani, kaptura iko ndani yake.

Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa namwita kwa jina alilobatizwa. Nilikuwa mtu wa kanisa, na zaidi ya hapo nilikuwa mbishi. Kila likizo nilifika na jina lile, na kila likizo mama alifumba mdomo kwa hasira. Mtoto mwenyewe hakunikasirikia. Tangu lile kofi aliacha kuniita "mwanangu", akaniita "shangazi" kama watoto wengine, nami nikahesabu hilo kuwa ushindi.

Alipofika miaka kumi na sita, wenzake walianza kuolewa. Washenga wakaja na kwetu, wazee wawili wenye fimbo, wakakaa, wakazunguka mbuyu weee, mwisho wakasema lililowaleta. Nilikuwepo. Kaka yangu akawasikiliza hadi mwisho kisha akauliza, "Wazee wangu, nitamwozaje baba yangu mzazi?" Wazee wakatazamana, wakacheka, wakanywa togwa yao, wakaondoka kwa amani. Hawakurudi tena, na wengine hawakuja. Jibu lile lilikuwa ukuta wa nyumba nzima, na mimi nililiona kama ujinga wa watu wasiosoma.

Basi, nikasoma.

Miaka michache iliyopita mradi mmoja uliwaita wauguzi kutoka mkoani kwetu na Geita kwenye semina ya wiki mbili. Mada ilikuwa afya ya akili kwa vijana wa makundi maalumu. Mwezeshaji alifunga mlango na madirisha kabla ya kueleza makundi hayo ni nani: vijana wanaopenda watu wa jinsia yao, na wale ambao mwili waliozaliwa nao na wanavyojijua wenyewe haviendi pamoja. Alisema kwa sauti ya chini, maana katika nchi hii jambo hilo lina polisi ndani yake. Alisema vijana hawa wanakufa kwa kunyamaziwa. Alisema familia ikielezwa ukweli kwa upole, kijana hupona. Tukachora mti wa tatizo kwenye karatasi kubwa, mizizi yake, shina lake, matawi yake. Siku ya pili nikalia mbele ya watu. Nilikuwa namwona mtoto wa kaka yangu kwenye kila tawi, na kofi langu kwenye mizizi.

Nilirudi na fulana, cheti na bango kitita lenye picha za familia inayotabasamu. Nilirudi pia na imani kwamba katika ukoo wetu wote mimi peke yangu ndiye ninayemwelewa yule mtoto. Hiyo imani ndiyo iliyokuwa na sumu, ila sikuijua.

Nikamwomba kaka amlete kwangu Ngokolo, hapo Shinyanga mjini, nikisema nataka kumtibisha jino. Alikuwa ametimiza miaka kumi na tisa. Alikaa nami wiki tatu. Koti la babu sasa lilikuwa linamtosha, na bangili haikuhitaji uzi tena. Majirani waliuliza kama ni kijana wangu, nikasema ni wa kaka yangu, wakaridhika. Siku za kwanza alikuwa analala sana na kula kidogo. Muuguzi hujua usingizi wa uchovu na usingizi wa kukimbia jambo. Huu ulikuwa wa pili.

Jumapili moja mchana tulikuwa barazani tunachambua choroko. Nilifanya kitu kimoja kizuri siku ile, nacho ni kunyamaza. Nilichambua choroko nikanyamaza mpaka akaanza mwenyewe. Akaniambia kulikuwa na msichana wa jirani, walikuwa wakienda kisimani pamoja tangu wadogo. Msichana ameolewa Geita. Mumewe ni mchimbaji. Hakuna aliyejua kwamba kuna mtu amebaki na msiba.

"Tangu aende, shangazi, naamka nimechoka kama mtu aliyelala na gunia la pamba kifuani."

"Unampenda."

"Ndiyo."

"Anayempenda ni babu, au ni wewe?"

Aliacha choroko. Akaanza kuizungusha bangili kwenye kifundo cha mkono, polepole, namna alivyokuwa akifanya kila alipofikiri. "Sijui," akasema. "Sijawahi kuhitaji kujua."

Nikamweleza. Nilimpa yote niliyoyabeba kutoka semina, na nakiri niliyatoa vizuri, kwa upole, bila kumwonea haya. Nikamwambia watu kama yeye wapo, wengi, dunia nzima, na jambo lake lina jina. Alisikiliza hadi mwisho. Nadhani alifurahi kidogo. Akaniuliza maswali mawili, nikajibu. Kisha akasema, "Hilo jina lisifike nyumbani."

"Kwa nini? Mficha uchi hazai."

"Mimi sijaficha kitu, shangazi. Nakula na wanaume, navaa koti, nachunga. Wote wananiona. Nimeficha nini?"

Swali lile nililichukua kama woga. Semina ilikuwa imetufundisha kwamba woga ni dalili, na dalili inatibiwa, haiulizwi ushauri.

Mwezi wa nane, pamba ikiwa imeshauzwa na watu wamepumzika, nikachukua likizo nikaenda nyumbani. Nikaomba kikao cha familia. Tulikuwa watu wachache: mama, kaka, mkewe, mimi, na mtoto kwenye kigoda chake. Nikalitundika bango kitita kwenye ghala la mahindi. Mtoto alipoliona akaniangalia mara moja tu, akainamisha kichwa. Ule mtazamo naujua mpaka leo. Ulikuwa unaniomba.

Nikaanza. Nilikwepa neno la hatari, nilikuwa na akili kiasi hicho. Lakini nilitaka waijue kweli, na njia ya kuifikia kweli, kwa akili yangu, ilikuwa ni kuondoa kwanza uongo. Nikasema, "Jamani, hakuna babu hapa. Baba alikufa, tukamzika, amepumzika. Huyu hana mzimu, hana pepo, hana ugonjwa. Huyu ni yeye mwenyewe, amezaliwa alivyo. Msimpende kwa ajili ya babu. Mpendeni kwa ajili yake."

Mama akasema, "Nyamaza, mwanangu."

Nikadhani ni uzee. Nikaendelea.

Kaka akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Kwa hiyo huyu si baba?"

"Si baba."

"Una uhakika? Wewe ndiye uliyesoma."

"Nina uhakika."

"Basi ni binti yangu."

"Ni mtoto wako. Mpende alivyo."

"Binti yangu," akasema tena, kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe wake aliyepotea. Maneno yangu mengine yote, ya upendo na kupokeana na kusikilizana, yalipita juu ya kichwa chake kama kunguru. Alikuwa amepata alilolihitaji. Mtoto akainuka kwenye kigoda bila kuambiwa, akaenda kukaa chini, kwenye mkeka, karibu na mama yake.

Sitaki mtu amwone kaka yangu kuwa mnyama. Kwa miaka kumi na moja alikuwa anamwinamia mtoto wake kila asubuhi. Wenzake walimcheka mnadani. Alivumilia kwa sababu alimwogopa baba yetu, ambaye hata akiwa hai aliogopwa na wote, na kwa sababu alimpenda. Mimi nilimwondolea woga. Sikufikiri hata kidogo kwamba woga ule ndio uliokuwa umeshika mlango.

Hazikupita wiki tatu akanipigia simu. Sauti ilikuwa ya furaha. "Dada, wabeja, asante sana. Umetufungua macho." Akanieleza: koti wameliweka ndani. Kigoda wamekipandisha darini. Bangili ilikuwa imekaza, wakaitoa kwa sabuni, na mama ameichukua. Binti anakula jikoni na wanawake, anajifunza taratibu. Na kuna watu wazuri wa upande wa Geita wameleta posa, imekubaliwa.

Nilipiga kelele kwenye simu mpaka jirani akatoka nje. Nilimwambia sikumaanisha hivyo, nilimwambia atamuua mtoto. Alinisubiri nimalize, kisha akasema kwa utulivu kabisa, "Dada, wewe ndiye uliyesema hana babu. Asiye babu anaolewa."

Nikampigia mwezeshaji wa semina. Namba haikupatikana. Nikaulizauliza, nikaambiwa mradi ulishafungwa, ofisi imerudishwa kwa mwenye nyumba. Nikaenda kwa mkuu wangu wa kazi, akafunga mlango kama mwezeshaji alivyofunga, ila yeye aliufunga ili aniambie, "Mambo hayo usiyalete hapa, utatuletea matatizo." Nikamtafuta daktari mmoja niliyemheshimu. Akanisikiliza kwa huruma ya kweli, kisha akauliza, "Sasa mnataka tumtibu nini?" Aliyekuwa na dawa ni mimi, na nilikuwa nimeshaimwaga.

Nikaomba ruhusa ya Jumamosi. Alhamisi mtoto alikunywa dawa ya pamba, ile sumu ya wadudu.

Mama ndiye aliyemkuta. Mke wa kaka alilia mpaka akapoteza sauti. Walimbeba kwa pikipiki hadi hospitali, na Mungu, au bahati, au kunywa kidogo, vikamweka hai. Mimi nilifika Ijumaa. Nimefanya kazi wodini miaka karibu thelathini, nimeona waliokunywa dawa ile wengi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na sikuwahi kushika kitanda kwa mikono miwili ili nisianguke. Walikuwa wamemvalisha gauni la maua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, na kwenye kifundo kulikuwa na alama nyeupe pale bangili ilipokuwa. Alikuwa amefumba macho, hajalala.

"Mtoto wangu," nikasema.

Hakufumbua.

Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, bangili imefungwa kwenye pindo la khanga yake. Nikakaa karibu naye. Nilitaka anitukane, ningepata nafuu. Hakunitukana. Alisema, "Baba yako alikuwa mtu mgumu. Njaa ilimpiga, ng'ombe walikufa, alizika watoto watatu. Hakuwahi hata siku moja kutaka kufa." Akakaza fundo la bangili kwenye pindo. "Huyu aliyekunywa dawa ni yule uliyembakiza peke yake."

Sijawahi kujibiwa vile na mtu aliyesoma.

Posa ikavunjika yenyewe. Hakuna anayeoa mtu aliyekunywa dawa. Kaka yangu alikuwa anakuja hospitali anasimama nje ya dirisha la wodi, haingii. Siku moja nilimkuta ameegemea ukuta, jitu lile lote, analia kwa kwikwi. Akaniambia, "Nimrudishe tu baba, dada. Unamrudishaje?"

Nikaenda kwa mfumu. Ndiyo, mimi, mwenye cheti. Nilikwenda na mama, na kuku nilimshika mwenyewe, chini ya kwapa, njia nzima. Mfumu alikuwa yuleyule, amezeeka, macho yameingia ndani. Akampasua kuku, akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akauliza nani alisema maneno uani. Nikasema ni mimi.

"Mzee ana haya," akasema. "Amefukuzwa na binti yake mwenyewe, kwenye uga wake, mbele ya mke wake. Mtu mzima akifukuzwa hivyo harudi kwa kuitwa. Labda mtoto mwenyewe amwombe."

Mama akafungua pindo, akanipa bangili nikampelekee. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kupiga magoti kando ya kitanda kile, nimvishe, nimwamkie kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, ili wodi nzima isikie. Tulipofika kitanda kilikuwa kimetandikwa. Gauni la maua limekunjwa vizuri juu ya mto. Muuguzi wa zamu akasema aliruhusiwa asubuhi, na kwamba mwenyewe alisema anasubiri ndugu zake nje.

Hakuwa nje. Hakuwa stendi. Nyumbani hakufika, ila koti la babu halikuonekana tena ndani, na mama alipoulizwa alisema panya wamelila.

Ulipita mwaka na miezi. Nilistaafu mapema. Kisha mama mmoja muuza dagaa, anayezunguka machimboni, akaniambia ameona Segese kijana anayefanana na marehemu baba yangu kama aliyekatwa kwake. Nikasema nitamtafuta. Mama yangu kwa wakati huo alikuwa hatoki kitandani. Akanishika mkono, akasema, "Ukimwona, msalimie. Safari hii umsalimie."

Nilitembea Segese siku mbili nikiwa na mkoba wangu wa kanisani na viatu visivyofaa. Siku ya pili, mchana, nikafika kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe. Vijana sita wamejaa vumbi jeupe kuanzia kope hadi kucha. Mashine ilikuwa imezimwa, wanapumzika. Sikumtambua kwa uso. Nilimtambua kwa mkono. Mmoja wao alikuwa amekaa juu ya gunia la mawe, anafikiri, na kwa vidole vya mkono wa kulia anasugua kifundo cha mkono wa kushoto, polepole, mahali pasipo na kitu.

Sikufikiri. Nimeshasema mkono wangu hutangulia akili, na siku hiyo yalitangulia magoti yangu. Nikapiga magoti kwenye vumbi, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mbele ya wanaume, nikasema, "Shikamoo, baba."

Wakatazamana. Kisha wakaanza kucheka. "Oya, una binti mzee hivi?" mmoja akamwuliza. Mwingine hakucheka. Alikuwa ananitazama, kisha anamtazama yeye, kisha ananitazama tena, namna mtu anavyotazama anapoanza kujumlisha mambo. Hapo ndipo nilipoelewa ninachokifanya. Watu hawa walikuwa wanamjua kama kijana mwenzao, basi, na mimi nimekuja tena uani kwake kuondoa ukuta.

Yeye hakustuka. Aliinuka, akachukua kikombe, akachota maji kwenye ndoo. "Acheni kumcheka," akawaambia wenzake. Sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko ninavyoikumbuka. "Mama huyu amechanganyikiwa. Alifiwa na baba yake, sasa anamtafuta kwa kila mtu. Nimeshamwona barabarani."

Amechanganyikiwa. Neno hilo nimeliandika kwenye madaftari ya wagonjwa mara ngapi sijui, kwa mwandiko mzuri.

Akaniinamia na kikombe. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, na chini ya vumbi nilimwona vizuri, mtoto wetu, amekonda, macho makavu. Nilikuwa na bangili kwenye kiganja. Nikaisukuma kuelekea kwake chini ya kikombe, ili wenzake wasione. Akaisukuma irudi. Vidole vyake vikafunga vidole vyangu juu yake.

Ningeweza kusema chochote. Maneno yalikuwepo yote, kweli tupu, na maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kusema kweli tupu. Yule kijana asiyecheka alikuwa bado anasubiri.

"Ndiyo, wanangu," nikawaambia. "Nimefiwa na baba." Nikanywa maji.

Yule kijana akatikisa kichwa kwa kunihurumia, akageuka.

"Nenda nyumbani, mama," mtoto wa kaka yangu akaniambia. Nilikuwa nasubiri neno jingine, moja tu, lile nililompigia kofi. Aliniita mama, kama anavyomwita mama yeyote apitaye. Kisha akarudi kwenye mawe yake, wakawasha karasha, na huwezi kusemeshana na mtu mbele ya karasha.

Nilifika nyumbani kesho yake. Mama alikuwa amelala ubavu, anatazama mlangoni. Aliniuliza nikiwa bado sijavua viatu.

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Anafanya kazi. Ni mzima."

"Ulimsalimia?"

"Nilimsalimia, mama. Nilipiga magoti."

"Akaitikia?"

Kaka yangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Bangili ilikuwa ndani ya mkoba wangu wa kanisani, imefungwa kwenye leso.

"Aliitikia," nikasema. "Alisema, 'Marahaba, mwanangu. Njia ilikuwaje?'"

Mama akafumba macho. "Basi bado yupo," akasema, akaomba uji.